Radhi Ambayo Haikuombwa

Ninyi mnaoanza uuguzi siku hizi hamkuikuta ile skrini. Ilikuwa fremu ya chuma yenye kitambaa cha kijani, ikisukumwa kwa magurudumu manne, na gurudumu moja lilikuwa na kutu. Lilikuwa linalia. Mgonjwa akikaribia kufa, kazi yetu ya kwanza haikuwa kumshika mkono. Tulikwenda kuitoa skrini ukutani tukamzungushia, wengine wasione. Lakini wengine walikuwa na masikio. Gurudumu likianza kulia, wodi nzima ya wanaume iliamka. Waliokuwa wakikoroma waliketi. Aliyekataa kula tangu asubuhi aliomba uji. Kila mtu alitaka aonekane mzima.

Siku moja niliisukuma hadi kitanda cha mzee mmoja wa Mwabungo aliyelazwa kwa nimonia, naye alikuwa anaendelea vyema kabisa. Nilitaka kumwosha tu. Sikumweleza. Mzee alipoona kitambaa cha kijani kinamzunguka, alijigeuza akaelekea kibla, akatoa shahada kwa sauti iliyofika jikoni, kisha akaanza kugawa mali yake. Mbuzi wawili kwa binti yake. Ng'ombe kwa mpwa wake, ambaye alikuwa amesimama pale pale na chupa ya chai. Mimi nimeganda na beseni la maji ya uvuguvugu. Mzee aliporuhusiwa kwenda nyumbani wiki ile, alimkuta mpwa uani ameshafika na kamba. Nilisikia imamu ndiye aliyewasuluhisha.

Sista Awino, mkuu wetu wa wodi, alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akanivuta pembeni.

"Mwanamisi, umeona lakini? Mzee alidhani anakufa, na hakukuuliza hata swali moja. Alijua hutamjibu."

Sista Awino alizaliwa upande wa ziwa, lakini alikuwa amekaa Msambweni miaka mingi, hata akiamkia wazee kwa Kidigo na kuchagua pweza sokoni vizuri kuliko mimi niliyezaliwa huku. Hakuwa mpole. Ukifunga bendeji ovyo, aliifungua mbele ya wageni akakwambia urudie. Ila kwa mtu anayekufa alikuwa na utaratibu wake, na alitufundisha utaratibu huo kama alivyotufundisha kuchoma sindano. Midomo ikikauka, usimimine maji, koo limeshasahau kumeza. Chovya pamba, pitisha taratibu. Usimzungumzie mgonjwa juu ya kitanda chake kana kwamba hayupo, maana macho yakishafumbwa masikio bado yapo kazini. Mofini usingoje alie ndipo umpe. Mpe kwa saa, maumivu yasipate pa kurudia. Kidonda kikinuka, saga vidonge vya metronidazoli unyunyize juu yake, weka trei ya makaa yasiyowashwa chini ya kitanda yanyonye harufu, na kamwe usizibe pua. Na moja alilirudia mpaka tukalichoka: "Mgonjwa akikuuliza kama anakufa, usijibu ukiwa umesimama. Vuta kiti. Kiti kwanza, jibu baadaye."

Nililiandika hilo daftarini. Mngenipa mtihani, ningepata alama zote.

Sista Awino akastaafu, akarudi kwao. Skrini ikatupwa, tukawekewa mapazia ya dari yasiyolia. Ikaja oksijeni ya kutosha, ikaja ambulensi, kikaja kile kifaa cha kubana kidoleni kinachoonyesha namba ya oksijeni mwilini. Mambo mengi yakawa bora, nisiwadanganye. Watoto wengi waliokuwa wakienda zao mikononi mwetu sasa wanapona. Lakini kwa yule asiyeponeka, tulipata tu njia mpya za kutomtazama. Nimeona ukoo mzima kwenye kundi la WhatsApp ukiulizana tangu alfajiri hali ya mgonjwa, na mgonjwa amelala katikati yao, hakuna aliyemwuliza yeye. Nimeshika simu mbele ya uso wa mama anayekata roho ili mwanawe aliyeko Doha amwone, na mwana akapaza sauti, "Mama, utapona inshallah, mwezi ujao naja," na mama akafumba macho. Nimekandamiza kifua cha mzee aliyekuwa mifupa mitupu mpaka nikasikia mbavu zikivunjika chini ya viganja vyangu, kwa sababu katika siku zote alizolazwa hatukuwahi kumwuliza kama angetaka afanyiwe hivyo.

Lakini niliyekusudia kuwasimulia ni Bi Mesaidi.

Alitoka Kibuyuni. Kwetu sisi Wadigo, mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo mtoto alikuwa Saidi. Bi Mesaidi alilima mwani. Vidole vyake vilikuwa na makovu ya kamba, na hata alipolala kitandani havikutulia. Alichukua vipande vya bendeji akavifunga mafundo, moja baada ya jingine, kama anavyofunga vipande vya mwani kabla ya kuvipeleka majini. Aliletwa kwetu akiwa amepungukiwa damu, na anatokwa na damu ambayo mwanamke wa umri wake hapaswi kutokwa nayo. Kipande cha nyama kilitolewa kikapelekwa kupimwa. Majibu yaliporudi yalisema saratani ya mlango wa kizazi, nayo ilikuwa imeshaenea.

Daktari wetu wakati huo alikuwa kijana wa bara, mpole, mchapakazi, jina lake Kiprono. Alimwita mwana kabla ya mwenye mwili. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya wote, wala hakuna aliyeona ajabu.

Saidi alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani. Mwanamume mrefu, mnyamavu, kila siku akishuka zamu alikuja na supu ndani ya chupa ya kuhifadhia moto. Alipotoka kwa daktari siku ile alinikuta kwenye ukumbi.

"Sista, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakuomba kwa heshima zote. Mama asijue. Akijua atakata tamaa."

"Na akiniuliza?"

"Mwambie ni vidonda vya tumbo."

Nikakubali. Nilikubali haraka, maana lilikuwa ombi lililonipunguzia kazi. Kwa wiki mbili nilimwambia Bi Mesaidi kuwa ni vidonda vya tumbo, ale vitu laini, apunguze pilipili. Naye alikuwa akiitikia, "Haya mwanangu, nitapunguza."

Kisha ikaja Jumatatu. Asubuhi, saa nne hivi, nilikuwa nimeshika trei ya dawa. Bi Mesaidi alisema bila kuacha mafundo yake:

"Mwanamisi, huu ni ule ugonjwa wa kizazi, sivyo? Ule uliomchukua wifi yangu."

"Nani amekwambia, mama?"

"Hapana aliyeniambia. Ninasikia harufu yangu mwenyewe. Mtu anayelala na harufu hii anahitaji kuambiwa?"

Sikuvuta kiti, wanangu. Kiti kilikuwa pale, hatua mbili tu. Nilisimama na trei yangu kama mtu anayengoja gari.

"Saidi anajua?" akaniuliza.

"Anajua."

"Basi mbona haji?"

"Anakuja kila siku, mama."

"Anakuja kuniletea supu. Mimi sisemi supu."

Ndipo aliponieleza. Miaka saba nyuma, mumewe alipigwa na kiharusi. Mzee alikuwa na akili zake, ulimi ulimlemea lakini neno lilitoka, na alichosema ni kwamba asitolewe nyumbani. Alitaka afie kitandani pake, asikie adhana ya msikiti wake. Bi Mesaidi akamtii. Alimlisha, akamgeuza, akamsomea, na siku ya tano mzee akaenda. Saidi alikuwa kazini Diani. Alipofika, baba ameshavishwa sanda. Siku ya tatu ya matanga, mbele ya watu wote, Saidi alimwambia mama yake: "Umemuua baba. Ungempeleka hospitali angekuwa hai."

"Basi," akasema Bi Mesaidi. "Tangu hapo ananiletea kila kitu. Ameniezekea nyumba. Hajanikosea adabu tena hata siku moja. Ila neno lile hajaliondoa."

"Umemsamehe?"

"Radhi huombwa, mwanangu. Akija akiniomba nitampa, sitamkawiza hata pumzi moja. Lakini sitamtupia kitu ambacho hajakitaka. Itakuwa namwambia kwamba neno lenyewe lilikuwa dogo."

Nadhani wenyeji wa huku hamhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo, lakini wengi wenu mmetoka mbali. Radhi ya mama kwetu haiwi adabu ya mdomo tu. Mtu mzima mwenye wake na watoto huweza kukosa usingizi maisha yake yote kwa sababu mama yake aliingia kaburini na kinyongo naye.

Nilimwambia Bi Mesaidi, "Inshallah atakuja," nikaenda kitanda cha pili na dawa.

Alhamisi ya wiki ile walimwongeza damu. Uso ulipata rangi, akala ndizi nzima, akaongea na jirani yake habari za bamvua, lini maji yatatoka mbali na kina mama watakwenda kufunga mwani. Saidi alimkuta hivyo akafurahi. Alipotoka akanifuata hadi mezani ambapo nilikuwa najaza mafaili.

"Sista, nina jambo linanikaa hapa." Akajigusa kooni. "Nilimkosea mama zamani. Nataka nimwombe radhi. Lakini nikimwomba sasa, si atajua? Mtu haombwi radhi ghafla ila akiwa anakufa."

Tazameni nilivyokuwa nimekaa. Mkono wa kulia nina maneno ya mama, mkono wa kushoto nina maneno ya mwana, na hao wawili wametenganishwa na mlango wa wodi. Kilichotakiwa ni sentensi moja: mama yako anajua, nenda ukae naye. Sentensi hiyo ilinijia mpaka mdomoni. Lakini nilikuwa na wagonjwa watatu wapya. Nikamwona akilini mwangu Saidi akilia katikati ya wodi, wageni wakigeuka, mimi nikitafuta mapazia. Nikafikiri kwamba nimeahidi siri, sitaki kusikia kesho kwamba sista amevunja siri ya familia. Na damu ilikuwa imempa mama rangi nzuri. Nikamhesabia kichwani mwezi mmoja, pengine miwili.

"Subiri kidogo," nikamwambia. "Mwache apate nguvu kwanza."

"Ukisema nisubiri nitasubiri," akajibu. "Nyinyi ndio mnaojua."

Jumatano iliyofuata, Bi Mesaidi aliamka hana pumzi. Mapafu yalikuwa yamejaa maji, figo zimeanza kukataa. Tulimwekea oksijeni, Daktari Kiprono akamwita Saidi, akazungumza naye kwa ustaarabu mbele yangu.

"Tuko na njia mbili," akasema. "Tumpe dawa za kumtuliza hapa hapa, akae na watu wake. Ama tumpeleke Mombasa awekwe kwenye mashine. Lakini ugonjwa wenyewe mashine haitautoa."



"Nilimwambia yeye mbele za watu kwamba alimuua baba kwa kutompeleka hospitali," akasema Saidi. "Leo nikimwacha mama hapa, mimi nitakuwa nani? Mpelekeni."

Hakuna aliyemwuliza Bi Mesaidi. Mimi niliyejua kwamba anajua kila kitu, nilikuwa nikitafuta sahihi za kuondokea na mtungi wa oksijeni uliojaa. Nikapangiwa mimi kumsindikiza. Saidi alitaka kupanda nyuma pamoja naye. Nikamwonyesha kiti cha mbele karibu na dereva. Ndiyo kanuni yetu, nikamwambia, ndugu hukaa mbele.

Njia nzima nilikuwa na macho kwenye kile kifaa cha kidoleni. Namba ilikuwa ikishuka. Themanini na nane. Themanini na sita. Niliongeza oksijeni, nikamwinua mgongo, namba ikapanda kidogo, nikashukuru, ikashuka tena. Likoni tulipewa njia tukaingia kwenye feri mbele ya wote. Dereva akazima injini. Pakawa kimya ndani, ukiacha oksijeni inavyochuruzika. Bi Mesaidi akafungua macho. Akainua mkono, akaisogeza maski ya oksijeni kutoka mdomoni.

"Mwite," akasema.

Namba ilikuwa themanini na tatu.

"Usizungumze mama, tunza pumzi," nikamwambia, nikairudisha maski mahali pake.

Akaisogeza tena. Safari hii sauti haikutoka, midomo tu ilicheza. Nikairudisha, na nikaushika mkono wake chini ili asiisogeze mara ya tatu.

Dakika hiyo hiyo Saidi alikuwa ameshuka kutoka mbele, akazunguka, akagonga kioo cha nyuma. Niliuona uso wake. Alikuwa akiashiria, naweza kuingia? Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha upande wa pili, kwamba tumekaribia, arudi akae. Akarudi.

Feri huvuka kwa dakika kumi hivi. Nimezipima mara nyingi tangu siku ile.

Hospitali tuliyofika sitaitaja, wala sina la kuwalaumu. Walifanya walichofundishwa, na walikifanya kwa ustadi. Walimpa dawa ya usingizi, wakampitisha mpira kooni, wakamwunganisha na mashine ya kupumulia. Mtu mwenye mpira kooni hasemi. Mtu aliyelazwa kwa dawa hasikii, au hatujui anasikia nini. Saidi aliruhusiwa kumwona kwa dakika chache asubuhi na jioni, amevaa gauni la karatasi na kofia ya karatasi, hana hakika pa kumgusa kwa ajili ya mipira. Siku ya nne, saa nane mchana, moyo ulisimama. Walimkandamiza kifua nusu saa. Akarudishwa Kibuyuni akaoshwa, akazikwa.

Nilikwenda matangani siku ya tatu. Niliketi ndani na kina mama, nikala ubwabwa, nikasikiliza wakimsifu Saidi kwamba alimpigania mama yake mpaka mwisho.

Tangu hapo kazi yangu haikuwa ile tena. Sikupata cheo wala sikuandika mwongozo. Nilianza tu kuuliza maswali mawili kwa kila mgonjwa mzito, mapema, kabla ya majibu ya vipimo kurudi: unataka ujue kiasi gani, na unataka nani aambiwe pamoja nawe? Wapo waliosema, sitaki kujua lolote, mwambieni mume wangu. Hiyo ni haki yao, nami niliiheshimu. Lakini wengi, wanangu, wengi zaidi kuliko mnavyodhani, walitaka kujua. Ndugu akinijia ukumbini kuniambia asijue, sikumkatalia usoni. Nilimwuliza, "Wewe una nini cha kumwambia ambacho huwezi kumwambia mpaka ajue?"  Mara nyingi alijifuta macho akaingia.

Palikuwa na mwanamke mmoja, Mueni, mzaliwa wa Machakos, mfua nguo katika hoteli moja huko huko Diani. Ini lilikuwa limekwisha. Alinitazama wazi akaniuliza, "Sista, niambie tu ukweli, nitafika Krismasi?" Safari hiyo nilivuta kiti. Nikamwambia sidhani. Alilia sana, na mimi nikakaa, sikumwambia anyamaze, sikumpapasa mgongo kama mtoto. Ni vigumu kukaa hivyo. Miguu inataka kuondoka yenyewe. Alipomaliza akajifuta kwa shuka akasema, "Basi wacha niende nyumbani nikiwa nimekaa kwa kiti, si nikiwa kwa sanduku." Tulimfungia mofini ya siku kumi, tukamwandikia dadake saa za kumpa, akapanda basi. Aliishi siku sita kwao. Dadake alinipigia simu kuniambia kwamba siku mbili za mwanzo aliketi nje akiwapangia nani alale wapi wageni watakapokuja kumzika.

Mkiniuliza lipi nililolifanya vizuri katika miaka yote ile, nitawatajia Mueni. Lakini nisipowasimulia habari ya Saidi mpaka mwisho wake nitakuwa nimewadanganya.

Alikuja wodini wiki moja baada ya matanga. Siku ile ya Jumatano tuliondoka kwa pupa, mfuko wa Bi Mesaidi ukabaki kwenye kabati la kitanda: doti ya kanga, miwani, tasbihi, chupa moja ya supu iliyokuwa haijarudishwa. Nikamkabidhi. Alikuwa amekonda, kofia imemlegea kichwani. Akasaini daftari la vitu vya wagonjwa, akafunga mfuko, akashindwa kuondoka.

"Sista, wewe ndiye uliyekuwa naye siku nyingi. Alisema neno lolote juu yangu?"

Nilikuwa na uongo tayari, nimeutayarisha tangu matangani, na ulikuwa uongo mzuri: amekupa radhi, alisema mwenyewe, nenda kwa amani. Nani angenikanusha? Lakini nilimtazama usoni nikaona yule niliyemwambia asubiri, akasubiri. Nikamwambia tukae. Tukakaa kwenye benchi la ukumbini, nikamweleza yote. Kwamba mama alijua ugonjwa wake. Kwamba alikuwa akingoja aombwe, na akiombwa hangekawia.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Jumatatu. Ya wiki iliyotangulia ile ya Mombasa."

Akahesabu kwa kidole gumba kwenye viungo vya vidole vyake, mpaka Jumatano.

"Siku tisa," akasema.

"Ndiyo."

"Na ile Alhamisi niliyokuuliza?"

"Nilikuwa najua."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Muuguzi mmoja alipita akatusalimia, Saidi akaitikia salamu kwa adabu zote.

"Na kwenye gari je? Nilipogonga kioo?"

Hapo wanangu, nilitaka sana kusimama.

"Alikuwa ametoa maski," nikasema. "Akaniambia nikuite. Nikairudisha maski. Kisha wewe ukagonga."

 Nilingoja anitukane, au anipige, au aniambie kwamba atakwenda kwa wakubwa, na kwa lolote kati ya hayo ningemwambia una haki. Alikuwa ameukumbatia mfuko kifuani kwa mikono yote miwili.

"Alisema umwite nani?"

"Wewe."

"Alisema neno gani? Nitajie kama alivyosema."

"'Mwite.'"

"Basi?"

"Basi. Hilo tu. Mara ya pili midomo ilicheza, sauti haikutoka."

Akaitikia kwa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayeelekezwa njia ya mbali. Macho yalikuwa yamejaa lakini hayakumwagika. Kisha akasimama, akaniangalia kana kwamba nimekaa mbali sana naye.

"Mama aliniita," akasema, na hakuwa akiniambia mimi.

Akatoka na mfuko wake. Sikumwona tena, na mpaka leo sijui kama nilimpa kitu au nilimnyang'anya kilichobaki.